Mwalimu wa Majanini

Kitabu cha Mwalimu nilikiharibu kwa mikono yangu miwili, kwa uzi mzuri wa kushonea kofia, na kwa majivuno. Kilikuwa kimeachana mgongo. Nikajitolea kukishona, maana katika mtaa wetu wa Maskati nilijulikana kwa mambo mawili: kushona vizuri na kutotoka nje. Nikakifumua chote, nikayatandaza mafungu ya kurasa sakafuni karibu na dirisha ili gundi ya unga ikauke, nikaenda jikoni kugeuza samaki. Niliporudi, upepo ulikuwa umekwishapita. Mafungu kumi na mawili yametawanyika chumba kizima, mengine chini ya kitanda. Mtu mwenye akili angetazama nambari za kurasa. Mimi, niliyemaliza sekondari Unguja na cheti nikakitia fremu, niliyapanga kwa usafi: yaliyochakaa ndani, mazuri nje, ili kitabu kipendeze. Nikashona. Mishono ilikaa sawasawa kama meno ya chanuo. Katika kitabu hicho kipya watu walizikwa mwanzoni, wakaoana katikati, wakazaliwa mwishoni, na nzige walikula ngano kabla haijapandwa.

Sikugundua neno. Nilimpelekea Mwalimu kitabu chake, akaupapasa mgongo kwa vidole, akasema, "Mwanangu, una mkono." Kutoka mlango wake hadi wangu ni hatua ishirini, nikazitembea kama mtu aliyetunukiwa.

Kazaliwa wapi, binti wa nani, aliolewa na nani, hayo sitayagusa. Mwenyewe akiulizwa ukoo wake alijibu, "Ukoo wangu chaki." Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na hata mume wangu, ambaye kwa umri walikuwa karibu sawa, akikutana naye mlangoni aliinamisha kichwa kama mtoto ambaye hakufanya hesabu zake.

Alikuja Maskati mwaka wa sitini na nne, kama sisi, kutoka Unguja, katika siku zile ambazo mtu alichukua alichoweza kukishika. Wengine walikuja na dhahabu wameishonea ndani ya pindo. Mama mmoja alikuja na kichwa cha cherehani bila meza yake. Mwalimu alikuja na Msahafu, kanga nne, na sanduku la mbao lenye vitabu tisa vya Kiingereza. Forodhani Maskati waliuliza vitabu hivyo vinasema nini. "Majani," alijibu kwa Kiarabu chake cha Unguja. "Majani, na watu wanaokaa majanini." Yule bwana alifunua viwili, akaona picha ya ng'ombe na picha ya kisima, akaridhika kwamba huyu bibi ni mkulima.

Na hakuwa amedanganywa. Vitabu vyote tisa vilieleza pahala pamoja tu: uwanda wa nyasi ulioko katikati ya Marekani, hauna mlima wala mti, na habari za watu waliohamia huko zamani kwa magari ya ng'ombe kwenda kuanza maisha upya. Alipewa na bibi mmoja wa Kimarekani, mwanafunzi wake wa Kiswahili huko Unguja. Yule bibi alizaliwa huko uwandani. Siku ya kurudi kwao alisema yeye anavijua kwa moyo, abaki navyo Mwalimu. Basi Mwalimu akavisoma, akavirudia, mwisho akaijua nchi ile kuliko alivyoijua Bawshar, mji wa jirani tu, ambayo tangu kuja kwake Maskati hakuwa ameifika. Mimi pia Bawshar sikuwa nimeifika, ila mimi sikuwa na nchi nyingine niliyoijua.

Baada ya sala ya alasiri wanawake wa mtaa tulikwenda kwake, kila mmoja na kazi yake: huyu anachambua mchele, huyu anashona kofia, huyu anamsuka mtoto. Mwalimu alikaa kaupa mlango mgongo, kitabu mapajani. Kiingereza kilimwingia machoni, mdomoni kikatoka Kiswahili. Ule uwanda kwa Kiingereza una jina linalokwaza ulimi, kwa hiyo tukapaita Majanini, na haukupita mwaka watu wakawa wanasema Majanini kama wanavyosema Matrah. "Leo Majanini kuna nini?" ungesikia mtu anauliza dirishani. Zama zile kitabu cha kigeni kilikuwa kitu cha kukaa ndani, hakitembezwi barabarani, na hilo lilinifaa sana. Kama ningeambiwa nikasikilizie uwanjani, mpaka leo nisingejua kitu.

Tulijua mengi. Tulijua namna ya kukata ardhi pamoja na mizizi ya nyasi zake, vipande vipande kama matofali, ukajenga nyumba. Tulijua kwamba nyumba hiyo mvua ikinyesha leo, ndani itavuja mpaka keshokutwa. Tulijua kwamba kwa kuwa kuni hakuna walipikia samadi kavu ya ng'ombe, na kwamba bibi harusi mmoja aliyetoka mjini alimwandikia mama yake kuwa huku, alhamdulillahi, tunapikia makaa.

Aliyekuwa akiingia kati ya Mwalimu na kitabu ni Mama Khalfan, jirani yangu wa ukuta mmoja. Yeye mzaliwa wa Rustaq. Alikaa Pemba miaka kumi na mmoja kwenye mikarafuu ya mumewe, akarudi Oman na Kiswahili kikali kuliko pilipili. Siku ya sura ya nzige alikuwa anapepeta.

"Nzige walishuka kama wingu," Mwalimu alisoma. "Wakala ngano, wakala vitunguu mpaka ardhini yakabaki mashimo. Watu wakaingia majira ya baridi na njaa."

Mama Khalfan akauweka chini ungo. "Ngoja. Nzige walikuwa wengi?"

"Wengi. Waliziba jua."

"Na watu wakawa na njaa?"

"Njaa kubwa."

"Hawana chumvi hao?"

Mwalimu akainua uso kitabuni.

"Nauliza tu. Nzige wamekuja wenyewe mpaka mlangoni, hukuwalisha, hukuwanywesha. Unawatia maji ya moto na chumvi, unawaanika, unakula miezi. Kwetu nzige wakija watoto wanaimba."

"Kitabuni hakuna hilo, Mama Khalfan."

"Basi aliyekiandika alikuwa ameshiba."

Alikuwa na mambo yanayopingana, Mwalimu. Aliwasifu wanawake wa Majanini waliokaa miaka ndani ya matope, na yeye mwenyewe akikanyaga tone la maji aliosha miguu yote miwili. Alipenda kutwambia mtu hafi kwa kukosa, lakini ukimletea kahawa vuguvugu alikutazama kama umemtukana. Chakula cha watu alikikataa kwa kusema ameshakula, na tulijua hajala. Huo ndio uwongo pekee niliomjua nao wakati huo. Kwa mengine alikuwa mkali wa ukweli mpaka akachosha. Siku moja aliniuliza maana ya neno la Kiingereza, nikabahatisha, na bahati yenyewe nikapata. Hakunisifu. "Umepata, lakini hukujua," alisema. "Mwenye kukisia hajasoma."

Kitabu cha nne kilikuwa na sura moja aliyoisoma polepole kuliko zote. Ni habari za watu waliokuwapo uwandani tangu mwanzo, wawindaji, kabla mwenye jembe hajafika, na jinsi walivyosukumwa hatua kwa hatua mpaka wakabaki pahala ambapo hapana mtu anayepataka. Siku ile hakuna aliyeshona.

"Sasa Mwalimu," Mama Khalfan aliuliza, "katika habari hii sisi wepi? Waliokuja au waliofukuzwa?"

Mwalimu alikigeuza kitabu mapajani. "Inategemea unaanzia ukurasa gani," alisema. Kisha akauliza nani ana zamu ya kahawa.

Alikuwa pia na vijitabia vyake, nami nilivipenda bila kuviulizia. Ukiingia kwake hakukutaja jina mpaka useme neno, au atasema, "Nani kaja na harufu ya udi wa jana?" Kahawa aliimimina kainamisha sikio kwenye finjani. "Kahawa husema ikishiba," alikuwa akitwambia. Sindano kila siku alikuwa nayo moja haina uzi, na kila siku alimwita mtoto wa mtu ajifunze kutunga. Nilivisimulia vitu hivi nyumbani kama vichekesho. Mume wangu alicheka, mimi nikacheka.

Mchana wa kwanza baada ya kumrudishia kitabu nilichokishona, Mwalimu alitusomea harusi: bibi harusi kavaa nguo iliyoshonwa kwa mfuko wa unga, maandishi ya kampuni bado yanaonekana mgongoni. Tulicheka mpaka mchele ukamwagika. Mchana wa pili alifungua, akafunua mbele, akafunua nyuma, akasoma kidogo, akafunga. Mchana wa tatu alituma salamu kwamba ana mafua. Mafua yakachukua wiki.

Nikampelekea uji. Alikuwa anatawadha, kitabu kiko juu ya mto, nikakifungua ili niitazame mishono yangu. Hapo ndipo nilipoona. Sura ya tisa, kisha ya pili, kisha ya kumi na moja. Nikatafuta alama aliyoiacha siku ya harusi, kipande cha ukili wa mkeka alichokitia kati ya kurasa. Kurasa zile hazikuwa na harusi. Zilikuwa na bei za kusafirisha ng'ombe kwa gari la moshi.

Nilikaa pale na bakuli la uji mkononi mpaka likapoa. Sauti ya mtu, harufu ya udi, kahawa inayosema ikishiba, sindano isiyo na uzi. Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema. Mimi ninayo mawili, mazima, na sikutazama.

Mtu jasiri angesema palepale. Mimi nilirudi nyumbani nikafua mapazia. Siku nne nilifua kila kilichofulika. Ya tano Mwalimu akaniita.

"Vitabu hivi vichukue," alisema. Alikuwa amevifunga vyote tisa kwa kanga. "Miye nimekwisha."

"Umekwisha vipi, Mwalimu?"

"Herufi ndogo zilinitoka muda mrefu. Nnaona ukungu. Kubwa bado nnaziona, kwa hiyo nashika kichwa cha sura, yaliyobaki nnayajua kwa moyo. Sikumwambia mtu. Mwalimu asiyeona ni nani?" Akalikunja pindo la mtandio wake, akalikunjua. "Hilo nililivumilia. Lakini sasa nafungua penye kisima, naona mazishi. Nafungua penye mazishi, naona treni. Akili inaniacha, mwanangu. Mama yangu alianza hivihivi. Alianza kwa kupoteza vitu, akamaliza hanijui miye."

Nilitamani sakafu ipasuke, lakini nyumba za Maskati ni za mawe. "Mwalimu," nikasema, "ni mimi."

"Wewe nini?"

Nikamweleza. Upepo, samaki, mafungu chini ya kitanda, mazuri nje mabovu ndani. Aliniacha niseme mpaka mwisho, kama alivyokuwa akimwacha mwanafunzi ajimalize mwenyewe.

"Hukutazama nambari?"

"Sikutazama."

"Na ulimaliza sekondari."

"Nilimaliza."

"Basi kichwa changu kizima?"

"Kizima, Mwalimu. Kibovu changu."

Akacheka. Alicheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika, nami sikujua tena kama ni kicheko. Alipojifunua alisema, "Kila asubuhi nalitaja jina langu nisije nikalisahau, jina langu na la marehemu babangu, kumbe ni wewe na samaki wako." Kisha akanishika mkono kwa nguvu. "Macho yana daktari. Khofu yangu ilikuwa ile nyingine. Utanipeleka wewe."

"Mimi?"

"Uliyekivuruga kitabu nani?"

Hospitali ilikuwa Matrah, nyuma ya mlima. Kwa mtu mwingine ni safari ya kumaliza asubuhi. Kwangu mimi ilikuwa kama kuhamia Majanini. Tulikwenda kwa Landrova ya jamaa wa mume wangu, njia inapanda na kushuka, nami nimefumba macho tangu tulipouacha mji. Tukawa vipofu wawili: mmoja hawezi kuona, mmoja hataki.

Daktari alikuwa Mmarekani mrefu. Alimtazama macho akasema ni mtoto wa jicho, yote mawili, ameiva, anaweza kutolewa. Mwalimu alimsikiliza kwa adabu, kisha akamwuliza kwa Kiingereza kama na yeye katoka uwanda wa nyasi. Daktari alisema hapana, kwao ni pwani, huko uwandani alipita mara moja kwa treni, tena usiku. Mwalimu akamsikitikia. Kisha akamweleza namna ya kujenga nyumba ya udongo, na daktari alisahau mgonjwa aliyekuwa anangoja nje.

Hatari alituambia wazi: pengine utaona, pengine hata huo ukungu hutauona tena, litabaki giza. Mwalimu aliniuliza ningefanya nini mimi. Nilisema ningerudi nyumbani. "Ndiyo maana nimekuuliza," alisema, akamwambia daktari akate.

Baada ya hapo alilazwa chali siku nyingi, macho yamefungwa, mifuko ya mchanga huku na huku ya kichwa asigeuke. Hakuruhusiwa kukohoa wala kucheka. Mama Khalfan alikuja siku ya kwanza, akatazama ile mifuko, akauliza kama wanamjengea nyumba ya Majanini, na muuguzi akamtoa nje na kumpiga marufuku. Nikabaki mimi. Niliyepanga kukaa siku moja nilikaa mpaka mwisho, nikalala veranda ya hospitali na wake za watu nisiowajua, nikapika kwenye moto wa uwanjani, nikagundua kwamba nje, kwa ujumla, ni kama ndani ila hakuna dari. Kila alasiri Mwalimu aliniuliza, "Ikiwa haikufaa, utanificha vipi?" Nilifungua kitabu. Nikimsomea sura fupi kwa sauti ya chini, alinisahihisha bila kuona ukurasa.

Siku ya kufunguliwa daktari aliinua vidole mbele yake. Nikahesabu pumzi zangu nikafika tisa.

"Vitatu," alisema. "Na kucha zinataka kukatwa."

Nikatoka veranda nikakaa chini katikati ya masufuria ya watu, nikalia kama aliyefiwa. Wale wanawake wakaja kunipa pole, nikawaambia anaona, wakalia na wao.

Miwani yake iliagizwa Bombay. Ilichukua miezi, na ilipofika ilikuwa nene kama kitako cha chupa. Macho yake yakawa makubwa, na ukikaa mbele yake ulijihisi umekamatwa na kosa. Kitabu nilikifumua nikakishona upya, yeye kakaa pembeni ananitajia nambari moja moja. Mafungu mabovu yalirudi nje. Kilikuwa kibaya na kilikuwa sahihi.

Mwaka wa sabini, Sultani mpya alipoingia, mambo yalifunguka. Wale wetu waliokuwa Afrika Mashariki wakaanza kurudi, walioweza kusoma na kuandika wakaitwa kazini, na mume wangu akapata kazi ya serikali iliyotupeleka Sib, mji mwingine wa pwani. Nilihama nikilalamika kwa siku saba, nane. Mwisho wa mwaka ule nilipanda gari peke yangu, macho wazi, nikaja Maskati kumwona Mwalimu. Alasiri ilikuwa imeshaswaliwa. Walikuwapo wote, na Mama Khalfan na ungo wake.

Siku ile Mama Khalfan ndiye aliyechagua. Alitaka kisa cha mtoto wa kamba. Ni kisa cha mtoto wa kike wa miaka sita: huko Majanini theluji ikivuma kwa nguvu walifunga kamba kutoka mlangoni mpaka zizini ili mtu asipotee hatua kumi nje ya nyumba yake, na mtoto huyo alimfuata baba yake akaiachia kamba. Mwalimu alitusomea mara mbili katika miaka ile ya ukungu. Mara zote mbili mtoto alionekana asubuhi zizini, amelala katikati ya kondoo, ana joto kama mkate. Mama Khalfan alikipenda kisa hicho kuliko vyote. Bintiye wa kwanza alibaki kule visiwani tangu mwaka wa sitini na nne, na mpaka siku ile hakuwa amepata barua yake.

Mwalimu alitafuta ukurasa, akaweka kidole chini ya mstari. Sasa alisoma polepole, kila neno mahali pake. Upepo, mlango, kamba, mkono wa mtoto. Halafu Kiswahili kikakatika. Macho yale makubwa yalirudi nyuma, yakaja mbele tena.

"Imeandikwa," alisema, "alionekana miezi baadaye, theluji ilipoyeyuka."

Tukangoja.

"Na kondoo?" Mama Khalfan aliuliza.

"Kondoo hawamo."

"Wamekwenda wapi?"

"Hawakuwamo. Niliwatia miye." Alikifunga kitabu juu ya kidole chake. "Nilikuwa siuoni ukurasa. Mlidhani nnasoma, nilikuwa nasema ya kichwani. Mengi niliyakumbuka kama yalivyo, na hili nililikumbuka pia, msidhani nilisahau. Lakini nikawa nawasikia mlivyonyamaza, kila mmoja na mtu wake asiyejua yuko wapi. Nikashindwa kukifikisha mwisho wake. Nimewasomea uwongo. Nisameheni."

Mimi nilitazama sindano yangu. Mama Khalfan aliupepeta mchele mara moja, mara mbili, akapuliza makapi.

"Basi vua hiyo miwani, Mwalimu," alisema, "utusomee."